Somo la Shukrani Lililosahau Salamu

Leo nimefundishwa somo langu mwenyewe, tena hadharani.

Nilialikwa Buigiri kuwaeleza wazee jinsi shukrani inavyosaidia mtu kuzeeka akiwa na afya. Kwa kuhofia muda, nikaanza moja kwa moja: "Kila siku, taja mambo matatu unayoyashukuru."

Bibi mmoja wa mstari wa mbele akainua fimbo.

"Wewe mwalimu, mbona unatuvamia bila salamu?"

Ukumbi mzima ukacheka. Mimi, mzaliwa wa Ugogo huu huu, nikatamani kujificha nyuma ya karatasi zangu!

Nikashuka jukwaani, nikampa kila mmoja shikamoo yake na kumuuliza habari za nyumbani. Na huku kwetu, ndugu zangu, swali hilo hujibiwa kwa ukamilifu.

"Marahaba. Goti leo limenikubali, nimekuja kwa miguu."

"Marahaba, mwanangu. Mbuzi kazaa mapacha."

"Marahaba. Mzee wangu kamaliza uji wote."

Nilipofika mstari wa mwisho, muda wangu ulikuwa umekwisha.

"Haya, sasa tufundishe hiyo shukrani," akasema yule bibi.

Nikakunja karatasi.

"Bibi, mmekwisha kunifundisha."

Nanyi mnaosoma, habari za nyumbani? Jibuni kwa ukamilifu. Leo sina haraka.