Vijumba Kumi na Tisa

Ubao wetu ulikuwa mlango wa zamani. Niliupaka makaa ya betri zilizokufa, yaliyopondwa pamoja na majani ya muhogo, nikauegemeza ukutani nyuma ya nyumba yangu, mtaa wa Kasuku. Chaki ilikuwa kipande cha muhogo mkavu. Kila alasiri nilipotoka kwenye ghala la reli, nilikokuwa karani, nilimkuta binti wa jirani ameshakaa kwenye kigoda na madaftari matano magotini: hesabu, Kifaransa, kemia, biolojia, jiografia.

Alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Shuleni kwao walimu walikuwa wamekaa miezi bila mshahara. Asubuhi wanafunzi waliimba na kucheza kwa ajili ya Chama tawala, halafu wengi wakarudi nyumbani. Ndiyo sababu baba yake, fundi aliyeshona abakosi, zile suti zisizovaliwa na tai, za wakubwa wa mji, alinijia. Alinieleza mambo waziwazi. Dada mkubwa wa binti huyu alikuwa amefariki kule Lokandu, akaacha watoto watatu, na mume wa marehemu alikuwa ameomba binti huyu ashike nafasi ya dada yake, kama desturi inavyoruhusu.

"Nimemuambia yule bwana angoje," alisema. "Mutoto afanye egzamen ya Serikali mara moja. Akipata diploma, aende Kisangani asomee udaktari. Akikosa, njo basi, anaenda Lokandu."

Mimi sikuwa mwalimu. Nilisoma shule ya msingi tu. Yaliyobaki niliyapata katika vitabu vya zamani, sura baada ya sura, nikifanya kila zoezi bila kuruka. Kwa kuwa sikuwa na mtu wa kunisahihisha, nilijiwekea kanuni: jibu nisiloweza kulieleza si jibu, naliacha wazi mpaka nilielewe. Nikampa yeye kanuni hiyohiyo. Chini ya kila jibu aliandika "kwa sababu". Akibahatisha nilifuta, hata kama amepatia.

"Lakini jibu njo yenyewe, Mwalimu!" alilalamika siku moja.

"Umejuaje?"

"Nimeona tu."

"Macho hayahesabu."

Akacheka. "Wewe, hata malaika wa kaburi wakikuuliza Mungu wako ni nani, utawaambia: kwanza semeni kwa sababu gani."

Mvua zilipopungua, aliweza kueleza kwa nini mafuta ya mawese huelea juu ya maji, na jinsi wazazi wenye afya wanavyoweza kuzaa mtoto mwenye ugonjwa wa damu. Alieleza taratibu, bila kuruka hatua. Nilimsikiliza nikafikiri: huyu atafika.

Jambo moja sikulijua: mtihani wenyewe ulivyo. Sikuwahi kuufanya. Barabara mbili kutoka kwangu aliishi mwalimu wa sekondari. Angenieleza kwa dakika tano. Sikwenda. Niliona haya agundue kwamba karani wa ghala anafundisha jambo asilowahi kulifikia.

Siku ya mwisho ya mtihani alikuja kwangu moja kwa moja, na sare yake ya shule, uso unang'aa. Akanieleza kwamba kila swali lilikuwa na majibu matano yaliyokwisha andikwa, na kazi ya mwanafunzi ni kujaza kwa kalamu kijumba cha jibu moja.

"Kumi na tisa nimeviacha wazi," alisema.

"Kwa nini?"

"Sikukuwa na 'kwa sababu' yake. Musimamizi alipita, akasema, 'Wewe dada, jaza tu, hata ukikosa hawakati pointi.' Wenzangu walikuwa wanafumba macho wanajaza. Mimi nikakatala." Akanitazama. "Nimefanya muzuri, Mwalimu?"

Nilisema ndiyo.

Majina ya waliofaulu yalisomwa redioni. Fundi aliiweka redio juu ya meza ya cherehani, na sisi majirani tukasimama barazani. Shule yake ilifika, ikapita. Jina lake halikusomwa.

Kesho yake asubuhi fundi alinijia. Binti alikuwa nyuma yake.

"Mwalimu, sina hasira. Niambie tu ukweli. Kichwa chake kinaweza? Kama kinaweza, nitamuomba yule wa Lokandu angoje mwaka mwingine. Kama hakiwezi, tusimutese mutoto."

Jibu nililijua, na sababu yake niliijua pia: anaweza, aliyekosea ni mimi. Binti hakunitazama. Alitazama ule mlango uliopakwa makaa. Angeweza kumwambia baba yake habari ya vile vijumba, lakini alinifichia.

"Egzamen ilikuwa ngumu, baba," nilisema. "Amejitahidi."

Fundi alitikisa kichwa pole pole. "Aksanti, Mwalimu."

Juma lililofuata binti aliteremka mto kwenda Lokandu.

Miaka kadhaa baadaye nilimkuta sokoni karibu na bandari, akiuza samaki wa kukaushwa kwa moshi. Kando yake msichana wa miaka kumi hivi, mtoto wa marehemu dada yake, alikuwa akifanya kazi ya shule juu ya kifuniko cha kikapu. Mtoto alikwama kwenye swali, kalamu ikabaki hewani.

"Weka kitu, mama," yule binti wa fundi alimwambia mtoto. "Usiache wazi."

Kisha akainua kichwa akaniona. Baba yake alikuwa ameshazikwa, na mimi sikuwa nimemwambia ukweli. Alinichagulia samaki mkubwa, akamfunga kwa jani, akauliza kama ule mlango bado uko.

"Iko," nilisema.