Msomaji Wangu wa Wodini

Hivi majuzi nilikwenda hospitali ya misheni, Njombe, kumjulia hali mzee wa Makambako aliyengoja kupasuliwa ngiri. Bwana Daktari alikuwa amemwonya, "Baba, acha tumbaku kwanza. Ukikohoa, mshono utafumuka." Mzee akaniomba gazeti hili ninaloliandikia. Nikampa, moyo ukanijaa fahari.

Kesho yake nikaambiwa upasuaji umeahirishwa wiki mbili. Mkewe akanitazama toka kichwani hadi miguuni.

"Mwalimu, mume wangu hajui hata herufi moja! Gazeti lako kalisokotea tumbaku, kalivuta lote."

Mzee akakohoa, akajifunika blanketi usoni.

Naungama: nilijua hajui kusoma, ila nilipenda kusomwa. Sasa wagonjwa nawasomea mwenyewe, kisha naondoka na gazeti langu.