Diski Mbili na Kitambaa cha Mama

Simu yangu ya zamani ilikuwa inachaji ukiilaza ubavu wa kushoto tu, waya umefungwa kwa mpira wa nywele. Ndani yake kulikuwa na ujumbe wa sauti wa mama, aliotutumia akiwa Nansio miezi michache kabla hajamfuata baba kaburini. Nakala nyingine mbili zilishapotea. Moja ilizama na simu ya mdogo wangu wa pili alipoegemea ukingo wa kivuko. Nyingine mdogo wetu wa mwisho aliiweka mahali salama, salama mno, hata yeye mwenyewe hajapakumbuka.

Anayenifuata anafanya kazi ya kompyuta Dodoma. Akapiga simu: "Dada, nunua sava ndogo ya nyumbani. Unaiunga kwenye waifai, picha na sauti zinakaa humo, na sisi huku tunasikiliza."

Mimi niliacha shule kidato cha pili ili hawa watatu wasome. Sasa wananieleza mambo polepole, kama mgeni aliyeshuka stendi ya Buzuruga leo asubuhi. Nikaenda dukani mjini, mdogo wangu akiwa kwenye spika ya simu.

Nauza dagaa. Kitu nakichagua kwa kukinyanyua. Nikanyanyua ile sava.

"Nyepesi hii. Feki."

"Si feki, mama," muuzaji akasema. "Haina kitu ndani. Diski unanunua pembeni."

"Yaani unaniuzia sufuria, ugali nikausake mwenyewe?"

"Dada, ndivyo zilivyo," spika ikasema.

"Nyamaza wewe. Uko upande wa nani?"

Muuzaji akaweka sava mbili mezani. "Hii ya diski moja. Hii ya diski mbili, kila unachoweka kinaandikwa kote. Moja ikifa, nyingine inabaki na kila kitu."

"Na ya pili nayo ikifa?"

"Ah, mama, zife zote mbili?"

"Zinakufa. Sisi tulikuwa na wazazi wawili."

Muuzaji akaanza kufuta vumbi ambalo halikuwepo. 

"Ya diski nne ipo?" nikauliza.

Ilikuwepo, kubwa kama oveni, na bei yake ilinirudisha haraka kwenye ya diski mbili. "Chukua hiyo hiyo, dada," mdogo wangu akasema taratibu. "Nakala nyingine nitakaa nayo mimi huku. Jumamosi nikiwa na nafasi naivuta kwa mtandao." Nikailipia pamoja na diski zake mbili.

Nyumbani aliniongoza waya kwa waya mpaka taa ya kijani ikawaka na vitu vikahamia. Ile simu ya zamani ilimaliza kazi hiyo, ikazima. Nikailaza kushoto, nikailaza kulia, nikailaza kifudifudi. Haikuwaka tena.

Kwa hiyo nikaitunza sava. Kwetu kila chombo kina kitambaa alichofuma mama: televisheni, friji, hata pipa la maji. Nikachagua kile kizito cha sufu chenye maua mekundu, nikakikunja mara mbili, nikafunika. Nailoni ya dukani sikuivua, maana kitu kipya hakivuliwi nailoni mwaka wa kwanza.

Kesho yake mchana, Ijumaa, ikalia pii, pii, taa ikawa ya chungwa, ikazima. Nikampigia wa Dodoma kwa video.

"Nionyeshe, dada." Nikaelekeza kamera. "Hicho juu ni nini?"

"Kitambaa."

"Na chini ya kitambaa?"

"Nailoni."

"Dada, unaipika!"

"Ulitaka ikae uchi sebuleni?"

"Vua vyote! Ipepee!"

Nikaipepea kwa ungo, magamba ya dagaa yakiruka huku na huku, mpaka ikapoa. Akawaunganisha wale wadogo zetu wawili kwenye simu. Nikabonyeza. Taa ilifikiria kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia, kisha ikawa kijani.

"Ifungue sauti," wa mwisho akasema. "Tusikie kama ipo."

Ilikuwepo. "Haya wanangu, mimi Nansio nimefika salama. Mle, msilale njaa. Na wewe mkubwa, usisahau kufunika redio, vumbi la barabarani hilo linaua vyombo."

Nilisikia mmoja wao akipenga kamasi.

"Mmesikia wenyewe," nikasema.

"Tumesikia, dada," wa Dodoma akajibu, anacheka. "Usiguse kitu. Naivuta sasa hivi."

Jumamosi haikusubiriwa. Kitambaa sasa kimetandikwa chini ya sava. Redio bado naifunika.