Hewa ya Bure kwenye Tangi la Moshi

Sijui kama jambo hili linastahili kuandikwa. Lakini mtani wangu analisimulia vibaya mpaka mtaa wa Mabatini, na mimi napenda kila mtu apewe haki yake, hata yeye.

Kiwandani kwetu Nyakato tunakamua mafuta ya mbegu za pamba, na makapi yanayobaki, yaani mashudu, yanajazwa kwenye magunia. Boila inachoma makaa ya mawe, na moshi wake una salfa inayokwangua koo, kwa hiyo kabla haujatoka unapitishwa kwenye mnara unaonyunyiziwa maji ya chokaa. Kazi yangu ni huo mnara. Madam mkemia alinieleza hivi (mimi ni wa darasa la saba, kama nimekosea yeye hana kosa): chokaa ikiukamata ule ukali, kwenye tangi la chini ya mnara linabaki tope laini kama uji. Uji huo ukishika hewa nyingi unageuka jasi, na jasi inaganda kama jiwe kwenye nozeli, vile vitundu vya juu vinavyonyunyiza maji yanayopandishwa na pampu kutoka tangini. Kwa hiyo kila asubuhi namwaga kopo la unga wa salfa humo tangini, ili tope lisishike hewa. Ndiyo, salfa ileile! Nilimuuliza inakuwaje mwizi awekwe kulinda duka.

"Wewe mwaga tu," akasema. "Nozeli zikiziba, unarudi kubeba magunia ya mashudu."

Mgongo wangu na magunia yale tulishaachana kwa ubaya.

Basi nikapata msiba Buhongwa, zamu nikamwachia mtani wangu. Yeye ni Mgogo, mimi Msukuma, kwa hiyo kutukanana ni wajibu. Kabla ya kuja kwetu alikuwa huko ziwani kwenye mabwawa ya kukuzia vifaranga vya sato, na alilijua jambo moja vizuri kweli: tangi lisilotoa mapovu ni tangi la maiti.

Niliporudi nikakuta tope linachemka mapovu. Alikuwa amevuta mpira wa hewa kutoka kwenye kompresa ya karakana.

"Mtani, nini hiki?"

"Nimekuokolea tangi. Lilikuwa halipumui."

"Humo kuna samaki?"

"Hata kama hamna! Ninyi Wasukuma mnajua kunywesha ng'ombe tu."

Nikatazama juu mnarani. Nozeli zilikuwa zinadondosha tone mojamoja, kwa kujivuta. Niseme ukweli, salfa aliimwaga, tena kwa kipimo. Lakini kwa hewa ile, ilikuwa kama kumweka mgambo mmoja azuie mnada mzima.

Madam akatokea. "Nani kaweka hewa?"

Mtani unamtukana usoni, humchongei. Nikaanza, "Madam, kwa upande mmoja, mtu huyo alikuwa na huruma..."

"Sitaki upande. Nani?"

"Mimi," akasema mtani. "Lakini mfukuze huyu. Mtazame, ana sura ya mashudu."

Madam akageukia ukutani. Mabega yalimtikisika kidogo. Sina hakika kama alikuwa anacheka au anakohoa. Alipotugeukia tena alikuwa mkali. "Mkazizibue nozeli zote. Pampu ikiwashwa zisiponyunyiza maji, wote wawili kwenye magunia."

Tukashinda mnarani na nyundo na misumari, mtani akinung'unika kwamba hajawahi kuona tangi lisilo na shukrani namna hiyo. Alifanya kazi kuliko mimi, hilo nalikubali. Pampu ilipowashwa nozeli zikakohoa, zikatema vipande vya jasi, halafu maji yakafunguka kama mvua. Moja ilimlenga mtani utosini. Akashuka mweupe wote, kama dagaa aliyeviringishwa kwenye unga.

Madam akamtazama, akatazama mnara. "Bakini mnarani," akasema, akaondoka haraka.

Nikaukunja ule mpira, nikaurudisha karakana. Niliporudi, mtani alikuwa amebandika sikio kwenye tangi.

"Limenyamaza sana, mtani."

"Ndivyo linavyotakiwa."

"Hata hewa kidogo tu, Krismasi?"

"Hata Krismasi."

Akalipapasa kama ndama mgonjwa, akaenda kunawa.