Jiwe la Kijani kwenye Bustani ya Salongo

Sitaki kuambiwa kwamba watu wa siku hizi hawajali hata kufagia mbele ya nyumba zao. Wengine najua walikojifunza. Walijifunza kwangu.

Nilikuwa mwalimu wa darasa la nne katika cité moja, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi, hapa Kolwezi, miaka ile ya Zaïre tulipokuwa tukiitana citoyen na citoyenne, yaani raia. Jumamosi asubuhi ilikuwa ya salongo, kazi ya umma, lazima kwa mkubwa na mdogo. Wenzangu waliwapeleka watoto kung'oa majani kando ya barabara. Majani yakaota, wakarudi kuyang'oa tena. Mimi nilijiona mwerevu. Nikachagua bustani.

Ilikuwa kati ya cité yetu na mtaa wa wakubwa. Wazungu waliijenga kwa ajili ya watoto wao, kisha ikaachwa: pembea mbili, mabenchi ya simenti, miti ya jacaranda, na majani marefu kuliko mtoto. Watu walikuwa wakitupa takataka humo.

"Munaona hii fasi?" niliwaambia. "Tukiisafisha, itakuwa yenu. Mutacheza hapa kila siku."

Nikaongeza ile methali ya vitabuni, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wakainama kweli, Jumamosi baada ya Jumamosi. Wavulana walifyeka kwa coupe-coupe, mapanga ya baba zao, wasichana wakazoa takataka kwa mabeseni ya mama zao, na vumbi jekundu likawajaa mpaka kwenye kope. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa pembea kabla ya kazi kwisha. Hiyo ilikuwa sheria yangu, na niliisimamia kwa ukali.

Mwishoni nikamwomba kila mtoto alete jiwe moja kutoka kwao, tulipake chokaa na kulipanga kando ya njia. Kila mmoja alijua lake ni lipi. Msichana mmoja mwembamba wa dawati la mbele alileta jiwe la kijani, lile lenye shaba ndani. Baba yake alilitoa mgodini kabla kifua hakijamwangusha. Nilipochovya brashi, alilikumbatia.

"Hapana, mama mwalimu. Ukiipaka chokaa, tata hataijua. Atakuya kuiona siku tutamaliza."

Tukaliacha kijani, karibu na benchi la pili.

Ningefungua bustani siku hiyo hiyo, mambo yangeishia hapo. Lakini nilijipalia makaa mwenyewe. Nilimwandikia mkubwa wa zone, wilaya yetu, barua nzuri ya Kifaransa, nikimwalika aje aone kazi ya watoto wangu. Nilitaka kusifiwa, sina neno jingine. Watoto nikawaambia wangoje wiki moja tu.

Mkubwa alikuja na magari mawili. Watoto walimwimbia na kumchezea juani hadi sauti zikawakauka. Alitembea kwenye njia, akaisukuma pembea kwa kidole, akanisifu, "Très bien, citoyenne." Jumatatu tulikuta kufuli kwenye lango, na mlinzi. Bustani ilikuwa imeonekana kuwa nzuri mno. Sasa ni ya kupokelea wageni.

Jumamosi iliyofuata yule msichana alikuja na baba yake. Baba alivaa koti katika jua kali, na alipofika langoni alishika nondo apumzike. Nami nilikuwapo, nimekuja kuuliza.

"Batoto hapana kuingia," mlinzi alisema. "Ni ordre ya mukubwa."

"Hatuombe kucheza, ndugu. Mutoto anataka tu kunionesha jiwe yake."

"Jiwe yake? Humu byote ni bya Leta."

Leta ni serikali. Baba hakugombana. Alinigeukia mimi, akangoja niseme kitu, kwa kuwa mimi ndiye mwalimu. Nikasema nitaongea na mkubwa.

Sikuongea naye. Siku chache baadaye nilialikwa kwenye karamu humo humo bustanini, mchana, kama citoyenne aliyefanya vizuri. Nilikula nyama ya mbuzi. Jiwe la kijani lilikuwa hatua tatu kutoka miguuni pangu, na mkoba wangu ulikuwa mkubwa wa kutosha. Niliogopa kuonekana nimeinama kuokota kitu mbele ya wakubwa. Niliona haya pia, lakini woga ndio ulionizuia. Nikaondoka nimeshiba.

Kesho yake darasani msichana alikuja mezani kwangu.

"Mama mwalimu, banasema uliingia mule. Uliiona jiwe yangu?"

"Hapana. Sikuiona."

"Iko karibu na banc ya pili," alisema polepole, akidhani ananisaidia.

Ndilo benchi nililokuwa nimekalia.

Baba yake alikufa kabla ya mvua kuanza. Salongo iliendelea, nasi tukabaki kwenye uwanja wa shule. Nikawaambia watoto kwamba uwanja huu ni wao kweli, hakuna atakayeuchukua, na kwamba Jumamosi kila mmoja alete jiwe tupange kuzunguka maua.

Jumamosi walikuja wote. Walifagia uwanja mzima bila kelele, maana salongo ilikuwa lazima. Jiwe hakuna aliyeleta.