Kilimia Kilichonaswa Mwibani

Sikuwafundisha wasichana wale nyota kwa kuwa nilizipenda. Niliwafundisha kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kutazama. Ulikuwa wakati wa Mwingereza, na shule yetu ya bweni, huku Singida, ilizungushiwa ua wa minyaa uliompita mtu mzima kwa urefu. Lango lilifungwa kwa kufuli kabla jua halijazama. Bibi Mkuu, mzungu wa misheni, ndiye aliyesema nani atoke. Mwalimu wa kike akitaka kutoka alieleza anakwenda wapi. Akitaka kuolewa, aliacha kazi. Nilikuwa na hasira wakati ule, na sijaimaliza hadi leo.

Kwenye insha, Bibi Mkuu alitaka habari za usafi tu. Tuliandika habari za ufagio mpaka ufagio wenyewe ukatuchoka. Basi jioni moja, giza lilipoanza kuingia, niliwakusanya uani nikawaambia kila mmoja achague nyota zake, aziunganishe apendavyo, kisha aniletee kisa chake. Mmoja aliona mwanamke anasaga uwele. Mwingine aliona zizi na ndama aliyesahauliwa nje. Watoto wa wafugaji hao, hata juu mbinguni walianza kwa kuuliza nani hakufunga mlango.

Aliyewashinda wote kwa kuandika hakutaka kutazama mashariki. Nilijua sababu. Alikuwa ameshachumbiwa, na baba yake, mkulima wa upande wa Mtinko, alikuwa ametuambia waziwazi: Kilimia, kile kishada cha nyota cha wakulima, kikianza kuonekana mashariki jioni, majira ya kupanda yamefika, naye atakuja kumchukua binti yake akaolewe. Wenzake waliingoja mvua. Yeye aliiogopa.

Nikamwambia aandike hilo hilo. Kisa ni chako, nikasema, kipeleke utakako.

Aliandika vizuri mno. Katika kisa chake Kilimia kilinaswa nguo kwenye mti wa miiba nyuma ya kilima, nyota nyingine zikapita zikikicheka. Msichana mmoja tu ndiye aliyejua kilipo, na hakumwambia mtu. Hapo akakwama. Kila nilipopita kwenye dawati lake nilimkuta ameshika kalamu, haandiki.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Mwalimu, nikikiacha pale, hakuna atakayepanda. Wadogo zangu watakula nini?"

"Lete mvua kwa nyota nyingine. Hii ni hadithi tu."

Akanitazama kwa huruma, kama anayemtazama mgeni aliyeshika jembe kinyume. "Mwalimu, wewe hulimi."

Akakimaliza mwenyewe: msichana alipanda ule mti, akauchomoa mwiba, Kilimia kikatoka. Nilimpa alama zote, nikaingia chumbani kwangu nikalia kwa ghadhabu.

Kilimia cha kweli kilipoonekana, baba yake alifika. Nilimwamkia, nikamwomba amwache binti amalize mwaka. Alikuwa mtu mpole. Ningefurahi angekuwa mkali, nipate wa kumchukia.

"Mwalimu," alisema, "ng'ombe wa mahari tuliwabadilisha kwa nafaka njaa ilipotushika. Wadogo zake ndio waliokula. Sasa nitarudisha nini?"

Bibi Mkuu naye alisema mambo ya mila si kazi ya shule, akanituma nikawafungulie lango.

Pale langoni nilimshika mkono yule msichana. Nikamsihi aniandikie hadithi, hata fupi, ampe mtu yeyote anayekuja mnadani aniletee.

"Nikuandikie nini, Mwalimu?" aliniuliza, bila kunilaumu. "Mwisho wake si unaujua?"

Akajitwika sanduku lake, akamfuata baba yake.