Baba aliomba njia ya baiskeli, mimi nikaandika maegesho ya magari

Admin, ukiweka kisa hiki naomba uondoe jina langu na la shule yangu, kwa sababu mji wetu wa Arua, hapa Uganda, si mkubwa kiasi cha mtu kujificha. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tano. Mimi ni msichana wa kukaa kimya. Darasani wananijua kwa kusoma vitabu na kwa mwandiko mzuri, na huo mwandiko ndio ulioniingiza katika aibu hii.

Baba yangu ni Mkakwa wa Koboko, zamani alikuwa mwanajeshi, na Kiswahili chake ni cha kambini. Tunaishi Ayivu, pembeni ya mji, kwa watu wa mama, kando ya barabara kubwa ya kwenda Koboko. Siku za soko baba hufunga magunia ya muhogo kwenye baiskeli na kuisukuma hadi mjini. Mwaka jana lori lilimpigia honi kwa nyuma, akaingia mtaroni yeye na mzigo wake. Tangu siku hiyo bega lake la kushoto haliinuki vizuri.

Miezi michache iliyopita watu wa mipango ya mji waliita mkutano. Walitaka kusikia kutoka kwetu barabara zipangwe namna gani kwa miaka mingi ijayo. Walitandika ramani juu ya meza, wakatugawa katika vikundi. Kila kikundi kilipewa mwanafunzi wa kuandika, maana wazee wangesema Kiswahili au Kilugbara na karatasi ilitakiwa kwa Kiingereza. Karatasi ilikuwa na nafasi ya maombi matatu tu. Mwishoni mwandishi anawasomea wazee kwa lugha wanayoelewa, na wakikubali wanaweka kidole gumba. Mimi nilipangwa kikundi cha baba.

Meza ya pili mwandishi alikuwa msichana wa darasa letu, nitamwita Fiona. Baba yake ana gari. Alimaliza mapema, akaja kusimama nyuma ya kiti changu.

Baba aliinuka. Bado ana tabia ya kambini ya kusimama wima kwanza kabla ya kufungua mdomo.

"Mimi iko na neno moja," akasema. "Gari iko na njia yake. Boda inapita popote inataka. Sisi ya baiskeli, njia yetu ni mtaro. Munataka sisi iruke juu kama ndege? Muweke njia kidogo kando, hata ya udongo. Mwenye baiskeli pia ni mutu."

Wazee walicheka na kupiga makofi. Mmoja akapaza sauti, "Afande, hiyo iandikwe namba moja!"

Fiona aliniinamia sikioni. "Mzee wa muhogo anataka barabara yake peke yake. Na hicho Kiswahili chake! Iko, iko, iko. Unamjua?"

Nikasema, "Hapana."

Macho yake yalikuwa bado kwenye karatasi yangu, basi ili asinione niko upande wa yule mzee, kwenye namba moja nikaandika maegesho ya magari karibu na soko. Hakuna mtu wa kikundi chetu aliyetaja maegesho. Hakuna hata mmoja wao mwenye gari. Nilijiambia nitasahihisha Fiona akiondoka. Alipoitwa kwenye meza yake, dada mmoja wa mipango alikuwa ameshasimama mbele yangu akingoja karatasi, na karatasi ilikuwa hiyo moja tu, imeandikwa kwa wino.

Nikawasomea wazee. Nilitazama neno la maegesho na mdomo wangu ukasema, "Namba moja, njia ya baiskeli." Baba akaweka kidole chake chini, akafuta wino kwenye suruali. Hakuniita mwanangu mbele ya watu. Nafikiri alikuwa ameona jinsi nilivyokaa kama mtu asiyemjua.

Nyumbani hakunilaumu. Badala yake alianza kung'oa mstari mzima wa muhogo wetu ulio kando ya barabara, mwingine haujakomaa, ili njia ikija ipate mahali pa kupita. Mama alimgombeza. Yeye akasema, "Mtoto yangu iliandika. Itakuja." Majirani wawili nao wakasogeza nyua zao. Mimi nilikuwa nabeba ile mihogo midogo hadi jikoni.

Wiki iliyopita rasimu ya mpango ilibandikwa, na kuna muda wa kutoa maoni kabla haijapitishwa. Jirani yetu mwalimu aliisoma yote. Jioni akaja kumwambia baba kwamba baiskeli hazimo, ila kuna maegesho makubwa karibu na soko. Baba aliangalia mstari aliokuwa ameung'oa. Halafu akasema, "Yule mama ya mipango imetoa maneno yetu. Mimi ilisikia na masikio yangu mtoto inasoma."

Jumamosi kuna mkutano mwingine. Baba amezunguka kwa wenye baiskeli wote, wataenda pamoja. Atasimama na kudai ile karatasi yenye kidole chake iletwe, na yule dada aeleze mbele ya watu kwa nini aliiba maneno ya wazee. Mimi nimeambiwa niisome. "Wewe ndiyo iliandika," aliniambia, "hakuna mutu itabisha."

Dada huyo hakuiba chochote. Karatasi ikiletwa, mwandiko ni wangu. Nikinyamaza, mtu asiye na kosa atatukanwa, baba ataaibika mbele ya wenzake, na labda watakaa mtaroni miaka yote hiyo inayopangwa. Nikisema mapema, bado kuna nafasi ya kuandika maoni mapya. Hilo nalijua, sihitaji kufundishwa.

Kinachonishinda ni kwamba baba ataniuliza kwa nini. Maegesho naweza kuyaeleza. Lakini itabidi nimwambie kwamba niliulizwa kama namjua, naye amesimama hapo hapo mbele yangu, nikasema hapana. Leo ni Alhamisi. Nyinyi ambao mna watoto, nishaurini: mzazi anaambiwaje neno kama hilo?